Gegedu la ukuaji: MRI huona kisichoonwa na eksirei

Mtoto akianguka kwenye majabali ya Igogo, Mwanza, akavunjika karibu na goti, eksirei huonyesha mfupa. Gegedu la ukuaji, pale mfupa unaporefukia, hubaki mwanya mtupu tu. Mguu ukianza kupinda au kubaki mfupi miezi kadhaa baadaye, omba MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, bila kusubiri.

Picha muhimu ni ile ya vipande vyembamba, milimita 1 hivi, mng'ao wa mafuta ukiwa umezimwa. Gegedu hung'aa, na daraja la mfupa, yaani mfupa ulioota ukalikatiza, huonekana jeusi. Pima eneo la daraja hilo. Likiwa chini ya nusu ya gegedu, na mtoto ana angalau miaka 2 ya kukua, daktari wa mifupa anaweza kuliondoa. Skrubu zilizoachwa mfupani huvuruga picha pale pale panapotafutwa, kwa hiyo zitajwe mapema.

Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye sikoseli, na hapa MRI isiachiwe iamue peke yake. Mfupa uliokosa damu na mfupa wenye usaha hufanana mno, kwa kuwa vyote hujaa majimaji. Homa, kuotesha damu maabara kutafuta vijidudu, na wakati mwingine sindano ya kuvuta majimaji ndivyo hutenganisha.

Mtoto anayepewa dawa ya usingizi ili atulie wakati wa MRI aache chakula muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2. Uji ni chakula! Akitikisika, gegedu hufifia na picha hurudiwa.