Tundu la sentimita 3

"Kohoa, mama."

Nikakohoa. Kidole cha daktari kilikuwa kimezama juu kidogo ya kitovu, pale kwenye kovu, nikahisi kitu laini kikikigonga kutoka ndani kisha kikarudi. Akanilaza chali, akaniambia niinue kichwa bila kujisukuma kwa mikono. Uvimbe ukachomoza kama yai la njiwa.

"Sentimita 3," akamwambia muuguzi.

Machozi yakanitoka. Hayakuwa ya maumivu. Uvimbe huohuo nilishaambiwa umekwisha. Kovu lilitokana na kidole tumbo kilichopasuka. Nilipasuliwa katikati ya tumbo usiku wa manane, mshono ukatunga usaha, kidonda kikakaa wazi wiki tano. Baadaye henia ikatokea: ukuta wa tumbo ukaachia tundu kwenye kovu, vya ndani vikawa vinachomoza. Daktari wa kwanza alisema ni ndogo, haina makuu, akazivuta kingo za tundu akazishona. Mwaka haukuisha. Nilishikwa na kikohozi cha wiki mbili, ikarudi.

Daktari huyu hakumsema mwenzake. Alilikunja shuka nililolalia, akazivuta kingo zikutane. "Tazama linavyokaza. Nyama yako ilikuwa hivi mchana na usiku, kila ukicheka, kila ukiinuka. Uzi unaikereza polepole mpaka inaachia."

Nilimuuliza kama nikiiacha itanidhuru, maana ilikuwa ndogo. Akasema udogo usinidanganye. Tundu jembamba linaweza kuubana utumbo ukakosa damu. Kisha akanieleza kuhusu utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu henia za kovu ndogo kama yangu. Baada ya miaka 3, kati ya watu 100 walioshonwa tu henia ya mara ya kwanza, 43 zilikuwa zimewarudia. Waliowekewa wavu wa kuimarisha pale penye tundu, 24.

"Kwa hiyo hata wavu sikuahidi," akasema. Nilimwamini kwa neno hilo kuliko kwa mengine yote.

Akanipa kipande cha wavu wa mfano nikishike. Cheupe, chepesi mno, kimefumwa kwa nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki, matundu yake yakionyesha ngozi ya kiganja changu. Wangu ungelazwa nyuma ya msuli wa tumbo, uvuke kingo za tundu kwa sentimita 5 kila upande. Nikapiga hesabu: tundu la 3, wavu wa 13! Nyama, alisema, itaota ipenye kwenye matundu yale, ishikamane nao. Miezi yote ile nilikuwa nikilikasirikia tumbo langu kana kwamba limeshindwa kazi. Kumbe lilikosa cha kulishikiza.

Upasuaji wenyewe siukumbuki. Nilipigwa nusu kaputi. Nakumbuka kuzinduka kooni mkiwasha, nikabana pumzi kwa woga nisikohoe. Muuguzi akaliona hilo, akaniwekea mto tumboni.

"Ukumbatie kwa nguvu, halafu kohoa. Usikae na makohozi kifuani."

Nikakohoa. Iliuma hadi mgongoni. Nikapenyeza vidole chini ya mto, juu ya bandeji, nikakohoa tena. Hakuna kilichovigonga.