Nilivyoutuliza mwani kwenye tangi langu la samaki, Kigoma

Ziwa Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400, na sehemu kubwa ya virutubisho vyake huzama huko chini. Ndiyo maana maji ya juu huwa maangavu: mwani unaoelea hauna cha kutosha kula. Tangi langu la kioo halifiki hata nusu mita. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki havina pa kuzama, na mimea isipovitumia, mwani utavitumia.

Na ulivitumia kweli. Vioo vilikuwa kijani, nyuzinyuzi zikaning'inia kwenye majani, na juu ya mchanga ukatanda utando wa kijani-buluu wenye harufu mbaya.

Nilianza na mwanga, kwa sababu ndio ulio rahisi kuupima. Dirisha la sebule linatazama ziwani, yaani magharibi, na jua la alasiri lilikuwa likipiga kioo moja kwa moja. Nikaweka pazia zito, kisha nikafunga taima kwenye taa iwake saa 6 tu kwa siku. Baadaye, mimea iliposhika, nikaongeza hadi saa 8.

Chakula kilileta ubishi nyumbani. Kigoma dagaa hawakosekani jikoni, na watoto walifurahia kusaga vichwa na kuvimwaga tangini kila wapitapo. Unga ule una fosforasi nyingi, kirutubisho ambacho mwani hukipenda. Sasa samaki hula mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizika ndani ya dakika chache. Shemeji yangu bado ananiambia nawatesa; wao wenyewe wananawiri na kuzaa.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni mimea. Maji ya ziwa ni ya alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) hukaribia 9, na katika maji ya namna hiyo hewa ukaa iliyoyeyuka, ambayo mimea huihitaji ili ikue, ni kidogo mno. Mimea mingi ya madukani hudumaa humo, na jani lililodumaa ndipo mwani unapokaa. Lakini Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, na Ceratophyllum, isiyo na mizizi, huweza kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini, ambayo maji yetu yanayo tele. Zote mbili huota ziwani humu. Nilijaza tangi kwa wingi tangu mwanzo. Mashina mawili matatu hayawezi kushindana na mwani. Kuna wanaotengeneza hewa ukaa kwa chupa ya sukari na hamira. Kwa samaki wa Tanganyika siipendi njia hiyo, kwa kuwa hushusha pH waliyoizoea.

Ule utando wa mchangani si mwani hasa, ni bakteria wanaotumia mwanga. Niliunyonya kwa mpira, nikabadili maji, nikafunika tangi kwa khanga mbili siku 3 mfululizo, pampu ya hewa ikiendelea. Nikanyonya mabaki na kubadili maji tena, maana yakiachwa yaoze yanarudisha virutubisho palepale.

Anayetaka kuchukua mimea au maji ufukweni ajue kwamba kuna konokono wanaobeba kichocho. Vimelea wakishatoka kwa konokono hawaishi zaidi ya siku 2 hivi bila kumpata mtu, kwa hiyo maji nayachuja kwanza, kisha nayaacha kwenye ndoo yenye mfuniko siku hizo zipite. Mimea nayo naikagua jani kwa jani nikiwa na glavu, kwani mayai ya konokono ni utelezi mdogo usioonekana upesi. Hili sifanyii haraka hata kidogo.

Mawe ya nyuma nimeyaacha yawe kijani. Mzee mmoja mvuvi wa Katonga alipoyaona akacheka: "Mwanangu, usiyasugue hayo, ndiyo shamba lao." Ni kweli. Kwenye miamba ya ziwa samaki wengi huishi kwa kukwangua mwani, na wangu pia hudonoa pale mchana kutwa. Nasugua kioo cha mbele tu.

Kila wiki nabadili theluthi moja ya maji na kupunguza Ceratophyllum, konzi kubwa kila mara. Virutubisho vilivyomo ndani yake vinaondoka nayo. Maji machafu namwagia mchicha uani, na mimea niliyokata naifukia kwenye tuta hilohilo.