Bili za Turnpike zilivyoacha kunifuata

Ukihamia Pennsylvania, huku Marekani, usimsikilize anayekuambia kuhusu Turnpike, barabara kuu ya kulipia ya jimbo hili, "Getini hamna mtu, wewe pita tu." Mimi niliambiwa hivyo na kaka mmoja wa kanisani, mwenyeji wa miaka mingi, nikamwamini. Ni kweli hamna mtu. Pennsylvania Turnpike iliacha kupokea pesa taslimu mwaka 2020. Lakini kamera zipo, na bili inatumwa kwa posta kwa mwenye gari. Zangu zilikuwa zinakwenda kwenye nyumba niliyokwisha kuhama. Ziliponifikia zilikuwa na faini juu yake, jumla dola mia mbili na kitu, na barua inataja kufungiwa usajili wa gari. Usiku ule sikulala.

Nikalipa, nikachukua E-ZPass, kifaa cha kwenye gari kinachokata tozo kutoka akaunti yako, chini ya dola 40, na nyingi kati ya hizo ni salio lako mwenyewe. Tozo inashuka karibu nusu.

Sasa kosa la pili. Kile kifaa nilikitupa kwenye kisanduku cha dashibodi, nikijua kitasomeka popote. Nikaenda Philadelphia na kurudi Harrisburg, tena kwa gari la mke wangu, ambalo namba yake sikuwa nimeiandikisha kwenye akaunti. Bili ikaja ileile ya bei kubwa! Nikapiga simu kwa hasira. Dada aliyepokea akauliza swali moja tu: "Umekibandika wapi?" Kinatakiwa kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ilikuwa Januari, gundi ikawa inabanduka kila asubuhi, mpaka nikagundua dawa yake: washa hita ya kioo dakika kumi, futa kwa spiriti, kausha, ndipo ubandike. Hakijaanguka tena. Namba za magari yote mawili nikaziandikisha jioni hiyohiyo.

Wenzangu wanalalamika kwamba tozo inapanda kila mwaka. Inauma, nakubali. Ila sheria ya 2007, Act 44, iliitaka Turnpike ilipe jimbo fedha za usafiri, na kwa miaka mingi zilikuwa dola milioni 450 kwa mwaka. Baadaye zikaelekezwa kwenye usafiri wa umma. Mke wangu huenda kazini kwa basi, kwa hiyo mimi nalipa kwa moyo.

Na ukihama, badilisha anwani ya gari kabla hujafungua maboksi. Sheria inakupa siku 15.