Kumbukumbu ya mradi: toroli la mashine ya kuchomelea, la kutembea kwenye kokoto

Karakana yetu iko Dar, upande wa Tabata. Nusu ni zege, nusu ni uwanja wa kokoto na mchanga, na mageti makubwa tunayachomelea nje kwa sababu ndani hayaingii. Kwa hiyo mashine inahama kutwa nzima, asubuhi iko ndani kwenye grili za madirisha, mchana iko uwanjani kwenye geti, na kila ikihama inabebwa mkononi halafu inawekwa chini. Sasa hapo chini ndipo inveta nyingi, yaani hizi mashine ndogo za kuchomelea za kielektroniki, zinapofia. Inveta ina feni inayovuta hewa ya kupooza bodi zake, na hewa ya chini kwenye karakana imejaa unga wa grenda, ule unga ni chuma, unapitisha umeme, ukishatanda kwenye bodi vya kutosha unasikia tu pah na mashine imezima. Ongeza na maji ya mvua yanayotiririka uwanjani, ongeza na waya unaokanyagwa na kila anayepita. Mashine inataka kunyanyuliwa, ndio maana nimeamua kuitengenezea toroli.

Nilivyoanza kutafuta ramani nikakuta matoroli mengi ya Wamarekani, mazuri kwelikweli, yana droo na sehemu ya mtungi nyuma, lakini vigurudumu vyao vidogo ni vya gereji yenye sakafu laini, ukivileta kwenye kokoto za kwetu vinazama hapohapo. Toroli likikwama mara mbili tatu fundi analiacha kwenye kona na mashine inarudi kubebwa mkononi. Kwa hiyo mimi nimechora kuanzia ardhini kwenda juu, tairi kwanza, mengine yakafuata.

Tairi

Nyuma nimeweka tairi mbili za upepo za toroli la ujenzi, saizi 4.00-8. Saizi hiyo nimeichagua kwa makusudi, ni ileile ya bajaji, maana yake tyubu au tairi likiisha napata duka lolote la spea za bajaji, na hapa mtaani hayo maduka hayakosekani. Tairi lina kama inchi 16 kutoka juu mpaka chini, linapanda kokoto na linapanda ukingo wa zege bila kugoma. Mbele nimefunga vigurudumu vya kuzunguka vya inchi 6 vyenye breki. Na mpini nimeuweka upande wa tairi kubwa, hii naomba mtu anayetaka kutengeneza lake aizingatie: ukifika kwenye mchanga mlaini unavuta mpini na kuinamisha kidogo, vigurudumu vya mbele vinanyanyuka, toroli linakwenda kwa tairi zake kubwa tu.

Fremu

Jumamosi ndio ilikuwa ya kukata. Nimetumia skweya paipu nyeusi ya 30 kwa 30, unene milimita 1.5, bomba mbili za mita 6 zikatosha na kipande kikabaki. Bomba moja la saizi hiyo lina kilo 8 hivi, kwa hiyo mifupa yote ya toroli haizidi kilo 16. Kuna watu wangeweka engo laini (chuma cha pembe) nene kila mahali, nawaelewa, lakini toroli likishakuwa zito lenyewe kabla ya kupakia mzigo umeshapoteza maana ya kulitengeneza. Chuma kinene nimekiweka kwenye sehemu mbili tu, kwenye tairi na kwenye kitako cha mtungi.

Nimesema nyeusi na nasisitiza nyeusi. Mabomba ya mabati yanapendeza na hayashiki kutu haraka, ila ukiyachomelea zinki inaungua inatoa moshi mweupe, ukiuvuta, jioni unapata homa na baridi na kifua kubana. Mafundi wengi tumekuzwa na ile ya kunywa maziwa baada ya kazi, na mimi mwenyewe maziwa nayapenda, lakini maziwa yanakwenda tumboni na moshi umeingia kwenye mapafu, hayakutani. Kama huna njia zaidi ya bomba la mabati, saga zinki yote kwenye maungio mpaka uone chuma cheupe, fanyia kazi nje na ukae upande upepo unakotokea.

Vipimo: urefu sentimita 75, upana 40, na rafu ya juu ambayo mashine inakaa iko sentimita 80 kutoka chini, usawa wa kiuno changu. Nimeanza na mbavu mbili za pembeni, kila moja 75 kwa 60, nikazilaza kwenye meza ya chuma na kuzishikiza kwa doti tu, yaani vidonge vidogo vya kuchomelea vya kushikilia kwa muda, doti mbili kila kona. Kisha napima kwa futi, kona kwa kona. Ubavu wa 75 kwa 60 ukiwa sawasawa mshazari wake ni sentimita 96 pande zote mbili, ukikuta huku 96 na kule 95 unagonga kwa nyundo kidogokidogo mpaka zilingane, doti inakubali kugongwa. Ukishachomelea kabisa ndio basi tena, hapo ni kukata.

Dogo tunayefanya naye kazi akaniuliza, "Bro, si umalize tu kona hii kabla hujaenda nyingine?" Nikamwambia dogo, chuma kikipoa kinavuta, ukimaliza upande mmoja wote fremu inapinda kuelekea huko, kwa hiyo tunachomelea kidogo huku, tunavuka kona ya pili yake, tunarudi. Kona moja nikamwachia aifanye mwenyewe, akaifanya vizuri tu.

Kwa wanaouliza mipangilio: rodi (fimbo ya kuchomelea) aina ya 6013 ya milimita 2.5, moto kwenye ampea 65 hivi, na holda, yaani kishikio cha rodi, nimeichomeka kwenye hasi badala ya chanya. Bomba la milimita 1.5 linatoboka haraka, na ukiwa na inveta ya DC (umeme wa njia moja), holda ikiwa hasi moto hauchimbi sana, 6013 inakubali pande zote mbili kwa hiyo hakuna shida. Rodi ya 3.2 iache kwenye pakiti yake, kwa unene huu utatoboa na kuziba mpaka jioni.

Rafu ya juu nimeiinamisha, mbele iko juu kuliko nyuma kwa sentimita 8, ambayo kwa mashine yangu inatoa kama nyuzi 10. Inaonekana jambo dogo ila vitufe na namba za ampea sasa zinakutazama usoni ukiwa umesimama, huinami tena. Chini ya mashine ni shiti zima ili unga usipande, pembeni na nyuma pako wazi kabisa, na nyuma ya feni nimeacha zaidi ya sentimita 15. Kuna mtu alinishauri niizungushie boksi ili vumbi lisiingie kabisa. Hapana jamani, inveta inapumua. Kwenye kile kibandiko chake ukiona 60% maana yake kwenye dakika 10 inachoma 6 na kupumzika 4 kwa ule moto ulioandikwa, na hiyo inapimwa kwa joto la nyuzi 40, ukiifungia kwenye boksi na jua letu la mwezi wa pili unaipika.

Mtungi

Mashine yangu inafanya rodi na MIG pia (ile ya kuchomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe pamoja na gesi), kwa hiyo toroli linabeba mtungi wa CO2, ule wenye gesi kilo 10, ambao pamoja na chuma chake unakaribia kilo 30 na una urefu wa mita moja na kitu. Hapa ndipo nilipofikiria muda mrefu kuliko kote.

Kwanza uzito ukae chini. Kitako cha mtungi nimekitengeneza kwa engo laini ya 40 kwa 40 unene milimita 4, juu yake pleti ya milimita 3, na kiko sentimita 10 tu kutoka ardhini. Ekseli moja ya kupita katikati ingenizuia hapo, ingekuwa lazima niunyanyue mtungi juu yake kila nikiubadilisha. Badala yake kila tairi lina uma wake wa fleti baa ya 40 kwa 6, bolti inapita pande zote mbili za tairi, na katikati ya tairi pako wazi, mtungi unaingia kwa nyuma kwa kuuviringisha na kuunyanyua kidogo tu. Bolti za tairi ziko nyuma kidogo ya katikati ya mtungi, ili uzito wake uangukie kati ya tairi na vigurudumu vya mbele, toroli lisipinduke kwa nyuma. Upana wote kwenye tairi umefika sentimita 64 na mlango wetu ni 80, linapita.

Pili, minyororo miwili, mmoja chini na mmoja juu chini kidogo ya bega la mtungi. CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika, kwa hiyo lazima usimame wima, ukiulaza kile kimiminika kinakimbilia kwenye regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi. Na mtungi wowote wa gesi ukianguka valvu ikavunjika ni hatari kubwa, hapa sina mzaha kabisa, mnyororo unafungwa hata kama unausogeza hatua mbili.

Tatu, ndio sababu nimetaka utoke kirahisi: geji ya CO2 haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Kimiminika kikiwepo presha inafuata joto tu, nyuzi 20 ni kama bar 57, na haishuki mpaka kimiminika kiishe, halafu inaporomoka ghafla ukiwa katikati ya kazi. Njia ya kujua ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye bega lake, unapima, unatoa, unapata gesi iliyobaki. Kingine, ikivuka nyuzi 31 CO2 haiwezi kubaki kimiminika tena na presha inazidi kupanda, na mchana Dar hizo nyuzi zinafika bila shida, kwa hiyo toroli linaegeshwa kivulini. Nimefunga kipande cha turubai juu ya mtungi kwa ajili ya kazi za uwanjani.

Ndoano na rodi

Ndoano za waya ziko upande wa kushoto. Waya wa holda na wa athi (ule unaobanwa kwenye chuma unachochomelea) unaviringishwa pale wakati wa kuhifadhi tu, ukianza kazi unakunjuliwa wote, ukichomelea huku umeviringishwa unashika joto. Ekstensheni ya umeme ni hivyohivyo, hiyo ndio mbaya zaidi, inaweza kuyeyuka.

Ndoano ya holda nimeivisha mpira wa hose na kuiweka upande wa mbele, mbali kabisa na mtungi. Klempu ya athi nayo ina ndoano yake ya mpira. Sababu ni hii: toroli ni chuma, likigusana na geti lenye athi na holda nayo ikagusa toroli, moto unapiga hapohapo, na ukipiga kwenye ngozi ya mtungi unaacha kidonda kinachodhoofisha chuma. Holda pia inatundikwa bila rodi. Dogo ameshaizoea hii, sasa hata mimi ananikumbusha.

Rodi zinakaa kwenye vipande viwili vya bomba la PVC la inchi 3, urefu sentimita 40, vifuniko juu na chini, kimoja cha 2.5 na kingine cha 3.2. Unyevu wa pwani unaingia kwenye ngozi ya rodi, 6013 inavumilia kiasi lakini rodi aina ya 7018 haitaki kabisa, ile ukiifungua pakiti uiweke kwenye joto, kama huna oveni ya rodi usinunue pakiti kubwa ukaiacha wazi.

Rangi na majaribio

Jumapili nikasaga maungio, msasa, thina, redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mikono miwili, juu rangi ya mafuta ya bluu. Ikakauka vizuri, jua lilikuwa la kutosha.

Jumatatu likaingia kazini likiwa na kila kitu, mashine, mtungi, grenda, diski, rodi. Nimelivuta kutoka kwenye zege mpaka mwisho wa uwanja na kurudi, likapanda ukingo, likapita kwenye mchanga kwa ule mtindo wa kuinamisha, mtungi haukutikisika kwenye minyororo yake. Mzee mmoja fundi wa siku nyingi jirani yetu akaja kulisukuma, akalitingisha pembeni kwa nguvu, akachungulia zile uma za tairi, akasema, "Kijana, hili umelifikiria." Nikamwambia shikamoo tena mzee wangu, nilifurahi sana. Ameomba vipimo amtengenezee mwanawe, nimempa karatasi yote.

Matumizi yote, ukitoa mashine na mtungi, hayajafika laki tatu. Kilichokula hela zaidi ni tairi na vigurudumu vya mbele, chuma chenyewe ni cha kawaida tu.

Kilichobaki: droo ya rafu ya kati kwa ajili ya tipu za MIG na miwani, na ekstensheni mpya ya waya wa 2.5 badala ya ule wa 1.5 tulionao, kwa sababu umeme ukifika uwanjani kwa waya mwembamba unakuwa umeshapungua na mashine inalalamika. Waya nimeshaupata. Droo naikata Jumamosi inayokuja, nina kipande cha shiti geji 18 kinachotosha.