Kengele ya saa mbili usiku

Mama alipofariki, nilisahau kuzima kengele kwenye simu yangu. Kwa miaka mitatu, tangu apate kiharusi, ilikuwa ikilia kila siku saa mbili usiku kunikumbusha dawa zake za presha. Siku nne baada ya maziko ikalia tena. Nikainuka, nikamimina maji ya vuguvugu kwenye glasi, nikafika hadi mlangoni kwake ndipo nikakumbuka. Nilisimama pale na glasi mkononi, nisijue niiweke wapi.

Kiboksi chake cha dawa, kile chenye vyumba saba vya siku za wiki, kilikuwa bado mezani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, vitupu. Kuanzia Alhamisi vimejaa. Nilikijaza mwenyewe huku tukiongea mambo ya kawaida kabisa, wala sikumbuki tuliongea nini. Kutokukumbuka huko kulinitesa mno.

Watu walinifariji kwa maneno waliyokuwa nayo. Jikaze. Ni mipango ya Mungu. Angalau amepumzika. Siwalaumu, maana nami nimewahi kuwaambia wafiwa wengine hayo hayo. Lakini hayakufika pale palipouma. Nilikuwa nimempoteza mama, na papo hapo nimepoteza kazi yangu. Kuamka kwangu, kulala kwangu, hata kwenda dukani, vyote vilipangwa kwa kumfuata yeye. Ghafla saa zikawa nyingi, mikono haina la kufanya.

Nikaanza kusoma. Kwanza nilikutana na zile hatua tano za majonzi: kukana, hasira, kujadiliana, mfadhaiko, kukubali. Nikajiona nimeshindwa hata kuomboleza, kwa kuwa leo nilikubali na kesho nikaamka na hasira. Baadaye nikajua kwamba Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa akili aliyeziandika mwaka 1969, alizitoa kwenye mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kilichonifaa zaidi ni maelezo ya mwaka 1999 ya watafiti wa majonzi, Margaret Stroebe na Henk Schut. Wao wanasema mfiwa huenda na kurudi: mara yumo ndani ya msiba, mara yuko kwenye maisha yanayomtaka afue nguo na kulipa bili, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kustahimili. Nililia niliposoma hayo. Wiki ileile nilikuwa nimecheka hadi machozi kwa kisa fulani, kisha nikajichukia usiku kucha.

Nilimsoma pia Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyetoka hai kwenye kambi za Wanazi baada ya kupoteza mke, wazazi na ndugu yake. Anasema tusiulize tunataka nini kwa maisha, tujiulize maisha yanatudai nini. Mwanzoni alinikera. Mimi nilikuwa natafuta maana ya kifo cha mama: kwa nini yeye, kwa nini sasa. Sijaipata hadi leo, na nimeacha kuitafuta.

Mwezi wa tatu baada ya maziko, kengele ilipolia, nilimkumbuka dada mmoja tuliyezoeana kwenye korido za kliniki, aliyekuwa akimuuguza mumewe, naye wa kiharusi. Alinitumia ujumbe wa pole, sikujibu. Nikampigia.

“Dada, nashukuru umepiga,” akasema. “Tangu asubuhi sijaongea na mtu anayenijibu.”

Mumewe alikuwa hawezi kuzungumza. Tukaongea karibu saa nzima. Aliniuliza afanyeje, mumewe anakohoa akimeza. Nikamweleza nilivyofundishwa na muuguzi: mkalishe wima kabisa, kijiko kidogo kidogo, hakikisha ameshameza kabla ya kingine, akimaliza usimlaze, mwache amekaa kama nusu saa. Na hicho kikohozi, kamwambie daktari wake kesho, usikizoee. Nilikuwa naeleza na mkono wangu wa kulia unakwenda hewani, umeshika kijiko kisichokuwepo. Niliona mkono ule, nikanyamaza. Nilidhani ujuzi wote ule tumeuzika na mama.

Usiku huo nililala. Siku mbili baadaye nilianguka tena, sikutoka kitandani hadi jioni, kwa hiyo sidai kwamba simu moja iliniponya. Wapo pia ambao simu haitoshi. Tangu mwaka 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ina majonzi ya muda mrefu: yale yanayovuka miezi sita na bado yanamzuia mtu kuishi. Yana tiba. Na anayetamani kufa asingoje miezi yoyote, amwambie mtu leo.

Kengele sikuizima. Ikilia, nampigia yule dada, au yeye ananitangulia. Dawa za mama zilizobaki nilizirudisha duka la dawa ziharibiwe. Kiboksi nilikiosha, nikakikausha, nikampa. Jumapili jioni hukijaza kwa ajili ya mumewe nami nikiwa kwenye simu, akinitajia siku moja moja: Jumatatu, tayari. Jumanne, tayari. Akifika Alhamisi huwa nanyamaza kidogo, naye hunisubiri.