Mbio za mbegu za kiume Los Angeles, na simu ya shemeji

Tarehe 25 Aprili 2025, hapa Los Angeles ninapoishi, watu walijaa ukumbini kutazama mbegu za kiume zikishindana mbio. Mwandalizi alikuwa kijana wa miaka 17, Eric Zhu. Washindani: mwanafunzi wa USC na mwenzake wa UCLA, vyuo vikuu viwili vya hapa mjini; mbegu zao zilishindanishwa kwenye vijia vyembamba sana. Kulikuwa na watangazaji kama wa mpira. Nyumbani Tanzania wengi walicheka. Mimi nilifurahi, na nitasema kwa nini.

Nafanya kazi kwenye maabara ya uzazi. Mbegu moja ina urefu wa kama milimita 0.05, na karibu yote ni mkia. Ukiweka tone chini ya hadubini unaona nyingine zinakata mbele, nyingine zinajizungukia palepale, nyingine zinatikisa mkia tu bila kwenda popote. Kompyuta hufuata kila kichwa, picha baada ya picha, ikapima kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unaweka kiwango cha chini cha rejea kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele.

Hata vile vijia vya mashindano si mchezo wa bure. Maji yakipita humo taratibu, mbegu hugeuka zikapanda kuukabili mkondo, kama zifanyavyo ndani ya mwili wa mwanamke. Kuna maabara zinazotumia vijia vya namna hiyo kuchagua mbegu za kupandikiza. Watazamaji walichoonyeshwa kwenye skrini kilikuwa michoro ya kompyuta, lakini angalau siku hiyo macho yote yalikuwa kwa mwanamume.

Dada yangu yuko Tanga. Miaka sita ya ndoa ameitwa tasa. Amekunywa mizizi, amepimwa mirija, amesemwa na mawifi mpaka akaacha kwenda harusini. Mumewe hajapimwa hata mara moja, na inaniuma sana.

Wiki ile ya mashindano shemeji alinipigia mwenyewe, usiku, sauti chini. "Shemeji, hivi mtu anatakiwa akae siku ngapi bila kukutana na mkewe kabla ya kwenda kupima?"

Nikamwambia siku 2 hadi 7. Akitolea nyumbani, kikombe kifike maabara ndani ya saa moja, na akibebe karibu na mwili kisipoe.

"Ngoja nichukue kalamu," akasema.