Maboksi Mawili ya Risasi

Julai 2009, msimu wa uwindaji wa kitalii ulipofunguliwa, nilikuwa mbeba bunduki katika kitalu kimoja cha Pori la Akiba Rungwa, upande wa Manyoni. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa mzee kutoka Marekani, aliyekuja na bunduki yake ya .375 H&H pamoja na risasi alizojijazia mwenyewe nyumbani kwake: maboksi mawili ya risasi 20 kila moja, na juu ya kila boksi ameandika kwa wino aina ya baruti, uzito wake kwa greni na namba ya toleo la kopo la baruti hiyo.

Asubuhi tulibandika karatasi kwenye katoni, umbali wa mita 100, ili ahakikishe shabaha. Risasi tatu za boksi la kwanza zilitoboa matundu ambayo kizibo cha soda kingeyafunika. Tatu za boksi la pili zilikwenda vidole viwili juu, na kila alipofyatua, mzee alilazimika kuigonga bolti, komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki, kwa kiganja ndipo ifunguke.

Mwindaji bingwa wetu alidhani ni jua, kwa kuwa boksi hilo lilikuwa limesahaulika kwenye dashibodi ya Land Cruiser, na baruti ikipata joto huongeza mgandamizo. Tukaacha mtutu upoe, tukayaweka maboksi yote chini ya mninga hadi saa nne, kisha mzee akapiga tatu tatu tena. Majibu yakawa yale yale.

“Kijana, niletee maganda yote.”

Niliyapanga juu ya boneti kwa safu mbili. Fataki za safu ya kwanza, yaani vile vikombe vidogo kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, zilikuwa bado na kingo za mviringo. Za safu ya pili zilikuwa zimebonyea bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni, dalili ya mgandamizo uliozidi.

Mzee alilisoma daftari lake kwa muda mrefu. Uzito ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kopo. Alitueleza kuwa viwanda huchanganya matoleo ili baruti ya dukani iungue kwa kasi inayokaribiana na ile iliyozoeleka, lakini kukaribiana si kulingana, ndiyo maana anayefungua kopo jipya hupaswa kupunguza kipimo, kisha apande kidogo kidogo huku akikagua maganda. Yeye alikuwa na haraka ya safari. Mizani yake ilikuwa sahihi kabisa, ila mizani haipimi kasi ya kuungua. (Mama yangu asingeshangaa: unga wa uwele wa gunia jipya hakuwahi kuusonga kwa maji ya kukariri.)

Boksi la pili lilibaki kambini, limezungushiwa selotepu. Mzee aliingia porini na risasi 14, na kila jioni aliniomba nizihesabu mbele yake.